Mwizi wa Njiwa Mwenye Majina Manne

Njiwa wa Baba Mubarak, tajiri wetu, walianza kupungua mara tu baridi ilipokwisha, na haikupita wiki kila mtu katika nyumba ile ya Al Wukair, Uarabuni, akawa amekwisha kumshuku mwenzake. Mimi, dereva, nilimshuku Gerishon mlinzi wa geti, kwa sababu alikuwa anaanza kunenepa na chakula chetu kilikuwa kilekile. Gerishon alimshuku Saada mpishi, kwa sababu supu ya Ijumaa ilikuwa na vifupa ambavyo, alisema, kuku wa dukani hana. Saada alinishuku mimi. Nilipomuuliza sababu, akasema kumshuku Zuberi hakuhitaji sababu, ni kama kujua kwamba mchana kuna joto.

Mama, mke wa Baba Mubarak, hakuhangaika hivyo. Yeye alikwisha kumpata mtu wake. Alikuwa Scovia.

Scovia alikuwa binti wa Uganda, mtu wa Lyantonde, mwaka wa pili kazini. Kazi yake ya kwanza kila alfajiri ilikuwa kufagia ua, na siku hizo kila alipofagia alikuta manyoya chini ya banda la njiwa. Akaogopa kuulizwa. Badala ya kwenda kusema, akayakusanya, akayaosha, akayaanika juu ya paa la chumba chao, yeye na Saada, kisha akashona mto. Mto aliopewa ulikuwa wa sponji, ulikuwa unamuumiza shingo. Akaushona kwa uzi mwekundu aliouona kwenye kopo la sindano, na kila uzi ulipokwisha akapiga fundo.

Jumanne asubuhi Mama aliingia chumbani mwao kukagua, akaukuta. Akauchana kwa mkasi mlangoni, manyoya yakaruka mpaka kwenye gari langu.

"Manyoya ya njiwa wa mume wangu," akasema Mama. "Uzi mwekundu. Mafundo saba. Chini ya kichwa anacholalia. Hii ni nini kama si sihiri?"

Neno hilo likisemwa katika nyumba ya Waarabu, nakwambia, hata jokofu linaacha kunguruma. Mama alitaka polisi waitwe. Baba Mubarak akasema hapana, hataki gari la polisi mlangoni kwake. Alhamisi binti atapanda ndege arudi kwao, na wakala aliyemleta ataandikiwa barua ya kueleza ni kwa nini. Kabla ya hapo, Jumatano baada ya Alasiri, yeye mwenyewe atatuhoji sote majlisi, sebule yake ya kupokea wageni.

Scovia hakulilia ndege. Alilia alipoingia jikoni mchana, akasema, "Bibi yangu walichoma nyumba yake kwa hilo neno. Kijiji kizima walikuja. Sasa mimi ninarudi nalo kwa barua? Banange, heri waniue hapahapa."

Sasa niseme jambo ambalo siku ile sikulisema.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Turki, mmoja wa watoto wa Baba Mubarak, alinituma Industrial Area kwa wachomeleaji, nikachukua kizimba cha chuma kilichokuwa tayari. Toka hapo akanielekeza kwa mtu mmoja nyuma ya mazizi ya ngamia, nikapewa sanduku la mbao lenye matundu. Nikavipeleka vyote kwenye stoo ya mahema, ile iliyo ng'ambo ya kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yetu. Nilimuuliza Turki ni nini. Akasema mbwa wa kuwindia. Mbwa gani anayepuliza kama pasi ya mvuke? Nilichungulia tundu moja, na tundu nalo likanichungulia. Nikaona jicho la kijani na sikio refu, jembamba, lenye shungi la nywele nyeusi kwenye ncha, kama kijiti cha wanja.

"Mzee Zuberi," Turki akaniambia, "hujaona kitu."

Nami nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu baada ya miaka kumi na tisa ya usukani, na karatasi zangu za kuondokea zilikuwa mikononi mwa Turki. Basi nikawa sijaona kitu. Turki akasafiri kwenda Istanbul kutembea mwezi mzima, na njiwa wakaanza kupungua.

Sasa rudi jikoni. Tulikuwa wanne, mlango tumeufunga, sufuria ya wali inachemka. Gerishon ndiye aliyeanza kutapika ukweli.

"Mimi nilimcheki," akasema. "Jumamosi asubuhi, jua likitoka. Rangi kama mchanga. Anatembea juu ya ukuta polepole, ni kama ukuta ni wa babake."

Saada akageuka na mwiko mkononi. "Nawe ukanyamaza? Mlaanifu wewe!"

"Ningesema aje? Kazi yangu ni kuzuia vitu visiingie. Nikisema kimeingia, si nimejifuta mwenyewe?"

"Alikuwa mnyama gani?" nikauliza, mimi ninayejua.

"Kimburu. Nyanya yangu kule Voi alikuwa anamwita kimburu. Alikuwa anatubebea kuku mmoja mmoja mpaka tukabaki na jogoo peke yake, na huyo jogoo akawa hawiki tena juu ya uoga."

"Kimburu ndo kitu gani?" akasema Saada. "Mie nimemwona Jumapili, natoka kuswali. Kakaa juu ya tangi la maji anajilamba. Yule ngawa. Kwetu Pemba wamejaa."

"Kumbe na wewe ulinyamaza!"

"Mie nilinyamaza kwa sababu nilidhani jini. Jini huwezi kumtangaza."

"Lakini ngawa ana madoa, Bi Saada," nikasema.

"Ana madoa kwenu. Huyu yamempauka kwa jua. Hebu litazame shati la Gerishon, si lilikuwa la buluu hili?"

Scovia alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, macho yamevimba. Akainua kichwa. "Mimi nimemwona mara tatu. Nilifikiri nikisema watasema ninamfuga. Ni mmondo. Kwetu ni mmondo."

"Simbamangu," nikasema mimi.

Wote watatu wakanitazama.

"Hilo umelitunga," akasema Saada.

"Wallahi sijalitunga. Kwetu Handeni, mzee yeyote atakwambia. Simbamangu."

"Kwenu Handeni kobe alibeba mlango wa nyumba mgongoni miaka miwili, na mwenye nyumba akawa analala wazi. Si wewe uliyesema?"

Nilisema, ni kweli. Nilimsimulia Baba Mubarak wakati wa kahawa, akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Nyumba ile ilinijua kwa hadithi. Nilikuwa na ya samaki mkunga aliyemeza baiskeli mto Pangani, akawa akipita usiku watu wanasikia kengele. Nilikuwa na ya nyuki wa Korogwe waliojenga mzinga ndani ya redio, ikawa taarifa ya habari inasomwa kwa mvumo. Miaka kumi na tisa Baba Mubarak alinipenda kwa uongo. Sikujua kwamba siku moja nitahitaji anipende kwa kitu kingine.

Wakaendelea kubishana. Gerishon alisema ngawa ni mnyama mwingine kabisa, mwenye kunuka. Saada alisema anayenuka ni Gerishon. Scovia akasema mmondo wao anashika ndege hewani, anaruka juu kama mtu aliyeitwa na Mungu. Mimi nilikuwa nafikiri. Nilijua wote wanasema mnyama mmoja, kila mmoja kamvika jina la mwizi wa kuku wa kwao. Pengine mtaalamu wa porini angetucheka sote. Lakini Baba Mubarak angesikiaje? Yeye desturi yake akihoji ni kuwatenga watu, mmoja mmoja, kama anayechagua tende. Atasikia kimburu, atasikia ngawa, atasikia mmondo, atasikia simbamangu. Atasema hawa waongo wanne, kila mtu na mnyama wake.

"Sikilizeni," nikasema. "Kesho tuseme jina moja."

"Ngawa," akasema Saada hapohapo.

"Simbamangu. Lina simba ndani. Mtu akilisikia, hata kama halijui, anakaa vizuri kwenye kiti."

Gerishon akakuna kidevu. "Mzee ana pointi."

"Na tuseme saa moja. Alfajiri, jua likichomoza. Mahali pamoja, juu ya tangi la maji. Mkia mfupi, rangi ya mchanga. Basi. Tusiongeze."

Sikugusa masikio. Masikio ndiyo niliyoyaona kwenye tundu la sanduku, na kila nilipotaka kuyataja ulimi wangu ulikuwa unajificha. Ukweli ni kwamba sikutafuta njia ya kumwokoa Scovia tu. Nilitafuta njia ya kumwokoa bila mimi kuguswa. Kulikuwa na njia fupi zaidi, ya kuvuka ua na kusema, "Baba, nilileta sanduku." Nikaiona, nikaizunguka.

Tukafanya mazoezi. Scovia lilimshinda, mara simbamango, mara simba mangi. Gerishon akamwandikia kwenye kiganja kwa kalamu ya daftari la geti. Tulipomaliza hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba wote tulimwona siku moja.

Saada peke yake ndiye aliyenitazama upande. "Zuberi," akasema, "mbona leo una akili sana? Kuna nini?"

"Huruma, dada."

"Mmh," akasema Saada. Na mmh ya Saada ilikuwa na ukurasa mzima.

Jumatano, baada ya Alasiri, nikaitwa wa kwanza majlisi. Si kuhojiwa, bali kutafsiri, maana Kiarabu changu ndicho kilichokuwa kinatembea kwa miguu yake, cha wenzangu kilikuwa cha jikoni. Baba Mubarak alikaa kwenye kona yake, mgongo kwenye mto, fimbo pembeni. Alikuwa mtu wa miaka themanini, aliyekulia katika hema na ngamia na kozi wa kuwindia kabla nyumba hizi zote hazijamea. Mama alikaa upande wa pili, na mbele yake, juu ya meza, ule mto uliochanwa.

Akaingia Gerishon, amesimama kama mlingoti. "Simbamangu, Baba. Juu ya tangi. Asubuhi jua likitoka."

Baba Mubarak akala tende, akaiweka kokwa yake kwenye sinia.

Akaingia Saada. Simbamangu. Juu ya tangi. Jua likichomoza. Kokwa ya pili.

Akaingia Scovia. Alikunja kiganja, akakikunjua, akakitazama kidogo. Simbamangu. Juu ya tangi. Jua. Kokwa ya tatu. Baba Mubarak akamwambia asitoke, asimame pale mlangoni.

"Nawe, Zuberi?"

"Simbamangu, Baba. Mkia mfupi. Juu ya—"

"Juu ya tangi," akamalizia mwenyewe. Akaweka kokwa ya nne, akazipanga zote mstari mmoja kwa kidole, taratibu, kana kwamba anazisubiri zisogee.

"Zuberi, toka hapa hadi kwa ndugu zangu wa kaskazini ni mwendo gani?"

"Saa moja, Baba. Nikiendesha mimi, dakika arobaini."

"Saa moja. Wale ni watoto wa baba yangu mdogo. Tumekula sahani moja. Tukikaa hapa tukataja kinungunungu wa jangwani, mimi nina jina langu, wao wana lao. Tunagombana mpaka kahawa inapoa. Ndege, hivyohivyo. Nyasi, hivyohivyo. Damu moja, mchanga mmoja." Akainua macho. "Wewe wa bara. Yule wa kisiwani. Yule mlinzi wa nchi nyingine, na huyu wa nchi nyingine tena. Mmoja anafunga, mwingine anakwenda kanisani. Halafu mnyama wa porini, ambaye kila mtu anafundishwa jina lake na bibi yake, nyinyi mna jina moja. Na saa moja. Na tangi moja. Nani kawafundisha?"

Nilihisi jasho likinishuka mgongoni, na kiyoyozi kilikuwa kwenye nyuzi kumi na nane.

"Nilitaka kumwacha," akasema Baba Mubarak, na sasa alikuwa anamwambia mkewe. "Niliposikia kuna mnyama nilifurahi. Lakini watu wasio na kosa hawakai kupanga maneno."

"Nilikwambia," akasema Mama.

"Hatangoja kesho. Nampigia wakala aje jioni hii."

Akachukua simu. Scovia, ambaye Kiarabu chake cha jikoni kilimtosha kuelewa hilo, akageuka akanitazama. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Mzee, umeniua."

Nimesikia maneno mengi maishani, na mengi nimeyatunga mwenyewe, lakini hayo mawili hayakuniacha nikae.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyewafundisha. Na mnyama huyo nilimleta mimi."

Simu ikashuka. Nikasema yote. Kizimba, sanduku, mazizi ya ngamia, stoo ya mahema, jicho la kijani. Nikasema na jina la Turki. Nilipolitaja, Mama akasimama.

Baba Mubarak akatikisa kichwa, kwa huzuni kama mtu anayemwona rafiki yake amelewa.

"Zuberi. Wewe na mkunga wako mwenye kengele."

"Hii si ile, Baba."

"Kobe na mlango."

"Baba, nakuapia."

Akampigia Turki hapohapo, akaweka spika. Kulikuwa na kelele za mtaani upande ule. Akamuuliza, je, kuna mnyama wowote stoo? Turki akacheka. "Mnyama? Zuberi ndiye kasema? Yubba, baba yangu, mzee huyo kazeeka. Mwache aende kwao akapumzike." Simu ikakatika.

"Ufunguo wa stoo anao Turki," akasema Baba Mubarak. "Unataka nivunje kufuli la mwanangu, majirani wanatazama, kwa neno la mtunga hadithi?"

Haya ndiyo malipo ya mtu anayesema uongo mtamu: siku ukiwa na ukweli mchungu huna pa kuuweka.

Na hapo Scovia akatoka mlangoni. Akaja mpaka katikati ya zulia, mahali ambapo hata siku ya kupangusa vumbi huwa anavua viatu kwa woga.

"Baba, uliza mimi," akasema kwa kile Kiarabu chake. "Huyu usiulize. Huyu mwongo. Mimi, sijui simbamangu. Amenifundisha. Tazama," akafungua kiganja, wino ukaonekana. "Kwetu ni mmondo. Bibi yangu alikuwa amekaa na kuku kwenye mapaja, anamtoa utitiri. Mmondo akaja mchana, akachukua kuku hapa, kwenye mapaja. Bibi akabaki ameshika manyoya. Mimi nilikuwa mtoto, niliona." Akainua mikono yote miwili kichwani, vidole viwili vikasimama, halafu akavikunja ncha kidogo kwa nje. "Masikio hivi. Na hapa juu, nywele nyeusi. Kama huyu wa hapa."

Baba Mubarak akaacha kutafuna.

Akanionyesha kidole nikae chini nifunge mdomo, nisitafsiri hata pumzi. Akamwita Saada.

"Bibi yako," akamuuliza, pole pole ili amwelewe, "alimwitaje huyu mnyama?"

Saada akanitazama. Nikafumba macho.

"Ngawa," akasema Saada. "Simbamangu ni ya Zuberi hiyo. Mie tokea jana nilimwambia."

"Masikio yake?"

Saada akaweka kitambaa chake sawa, akainua vidole viwili juu ya kichwa, na kwa kidole cha tatu akachora shungi kwenye ncha. "Meusi hapa. Kama kapaka wanja, mshenzi yule."

Akaitwa Gerishon. Kimburu. Masikio? Gerishon, ambaye kila mara hufanya kitu kwa mwili mzima, akachuchumaa juu ya zulia la Baba Mubarak, akanyoosha vidole kichwani, akavitikisa vile vishungi. Halafu kwa sababu Saada bado alikuwa amesimama pale, akaongeza kwa Kiswahili, "Na si ngawa, mathe. Ngawa ni kitu ingine."

"Kitu ingine nini? Wewe ngawa umemjulia wapi, Voi kuna bahari?"

"Bahari inaingiaje hapa?"

"Inaingia kwa sababu ngawa kaletwa na majahazi!"

"Mmondo," akasema Scovia katikati yao, amechoka, lakini hakuweza kujizuia.

Wakawaka. Watu watatu ambao dakika kumi kabla walikuwa wanatetemeka, wakagombana katikati ya majlisi juu ya jina la mnyama, kila mmoja na bibi yake, vidole vyote sita viko juu ya vichwa. Nikamtazama Baba Mubarak nikidhani atawafukuza. Alikuwa anatabasamu. Si sana. Tabasamu la mtu anayesikia watoto wa baba yake mdogo.

"Anaq," akasema. "Sisi tunamwita anaq. Ndugu zangu wanasema washaq, nao wamekosea." Akanigeukia mimi. "Hayo ya masikio hukuwafundisha."

"Hapana, Baba."

"Kwa nini?"

"Niliyaogopa."

Akasimama kwa fimbo yake. "Leta mtaimbo."

Hakukubali mtu amsaidie. Alivuka kile kiwanja kitupu kwa miguu, kanzu yake ikizoa vumbi, sisi wanne nyuma yake kama maziko madogo, na akavunja kufuli la mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, mapigo manne. Ndani mlinuka mkojo mkali. Kizimba kilikuwepo, nyaya za mlango zimepinda kwa nje. Kwenye tundu la hewa juu ukutani kulikuwa na nywele za rangi ya mchanga zimenasa. Chini, manyoya. Mengi kuliko yaliyotosha mto mmoja.

Baba Mubarak akakaa juu ya hema lililokunjwa. "Kanidanganya kwenye spika," akasema. "Mbele ya watu wa nyumba yangu." Tukatazama chini.

Waliletwa watu wenye mitego baadaye, wakakaa siku tatu, wakala biriani ya Saada, wakaondoka mikono mitupu. Yule paka alipokwenda sijui. Ningeweza kuwatungia, lakini leo sitaki.

Jioni ile Baba Mubarak alimwita Scovia barazani. Mama alikuwepo. Mimi nilikuwepo kutafsiri, ingawa sasa kila nililosema Baba Mubarak alilipima mara mbili kwa macho kabla ya kulipokea.

"Hakuna ndege kesho," akasema. "Rudi kazini kwako."

Scovia akamtazama Mama. Mama alikuwa anazungusha pete kidoleni.

"Manyoya yameelezeka," akasema Mama. "Mafundo hayajaelezeka."

Basi nikaona kitu kikifunga usoni mwa yule binti, kama mlango unavyofungwa na mtu mwenye adabu, bila kelele.

"Baba," akasema, "sitaki ndege. Na kubaki sitaki. Nataka karatasi. Iandikwe kwa mkono wako: huyu nimemwachia atafute kazi kwingine, hana kosa, na lile neno halimhusu. Wakala aisome. Halafu mimi nitaishika kila mahali."

Mama akasema hilo halijawahi kutokea. Baba Mubarak akaomba kalamu. Aliandika kwa dakika nyingi, maana miwani aliiacha majlisi na hakutaka kuifuata, na alipofika kwenye lile neno aliinua kalamu, akamtazama mkewe, akaliandika.

Baada ya wiki tatu nikampeleka Lusail, kwenye hoteli mpya iliyompa kazi ya kufua. Alikaa kiti cha nyuma. Turki alikuwa amerudi siku mbili kabla, akaniletea karatasi zangu zimesainiwa zote, mwezi mzima mapema, hakunisalimia. Nilikuwa naondoka mapema kuliko nilivyopanga, na sikujua kama nimesamehewa au nimefukuzwa; katika nyumba ile tofauti yake haikuwa kubwa.

Njiani nilimsimulia Scovia kisa kimoja cha fisi wa Kabuku na kinyozi. Hakucheka. Tulipokaribia, zile ghorofa za vioo zikianza kutuangalia, akauliza, "Mzee, lile sanduku. Ulipolibeba ulijua si mbwa?"

"Nilijua."

"Na siku Mama alipochana mto wangu, ulijua?"

"Nilijua."

Tukapita mataa mawili. "Kama Baba hangechukua simu kuita wakala. Kama angesema tu, sawa, ndege Alhamisi. Ungesema?"

"Ningesema," nikajibu, na nilijibu haraka, na sauti yangu ilikuwa nzuri, nyepesi, yenye uhakika.

Scovia akanitazama kwenye kioo cha mbele. Alitazama hivyo mpaka nikasimamisha gari mlango wa wafanyakazi. Nikashuka nimchukulie begi. Alikuwa ameshalishusha mwenyewe, amelivuta upande wake.

"Nenda tu, mzee," akasema. "Usinisubiri."